Siku Sita Ndege Zilipokaa Chini

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu, kama una ramani ya dunia, itundike ukutani sasa, kwa maana leo tutakwenda mbali. Tutatoka Naivasha, katika Kenya, tufike London, mji mkuu wa Uingereza, kisha tupande kaskazini hata Aislandi, kisiwa chenye baridi na barafu nyingi.

Somo letu ni habari ya ndege zinazochelewa na safari zinazofutwa. Labda utasema, "Mimi sijapanda ndege hata siku moja. Habari hii yanihusu nini?" Subiri kidogo. Kabla hatujamaliza utaona ya kuwa ndege isiyoruka Ulaya yaweza kumnyima mtu wa Naivasha ujira wake wa siku, naye ndege hiyo hajapata kuiona.

Uwanja usio na nafasi

Kwanza tuutazame uwanja wa Heathrow, ulio magharibi ya London. Zamani mahali hapo palikuwa mashamba ya mboga. Mwaka 1944, wakati wa vita, serikali iliichukua ardhi hiyo, na mwaka 1946 uwanja ukafunguliwa kwa safari za raia. Majengo yalikuwa hayajawa tayari, basi abiria wa kwanza walingojea ndege zao ndani ya mahema ya askari.

Leo Heathrow ni mmoja wa viwanja vyenye shughuli nyingi kupita vyote duniani, lakini una barabara mbili tu za ndege kurukia na kutua. Kwa amri ya serikali, idadi ya ndege zinazoruka na kutua isizidi 480,000 kwa mwaka. Gawanya hesabu hiyo kwa siku 365, utapata zaidi ya 1,300 kwa siku. Na kwa kuwa usiku ndege hupunguzwa ili watu walale, mchana hupita zaidi ya ndege moja kila dakika.

Wale waliovuka kwa feri pale Likoni, Mombasa, watafahamu upesi. Feri moja ikiharibika asubuhi, foleni haiishi mara feri inapotengenezwa. Wa saa moja huvuka saa mbili, wa saa mbili huvuka saa tatu, na hata jioni watu bado wanalipa deni la asubuhi. Ndivyo ilivyo Heathrow. Mahali palipojaa hapana nafasi ya kulipa dakika iliyopotea. Ukungu ukishuka, marubani hawaoni vizuri, hivyo ndege huachiwa nafasi kubwa zaidi kati yake, na foleni huanza. Na tarehe 21 Machi 2025 moto ulioteketeza kituo kimoja cha umeme karibu na uwanja ulitosha kuufunga karibu siku nzima.

Lakini siku hiyo moja ni ndogo ukiilinganisha na siku sita za mwaka 2010.

Mlima watoa majivu

Katika Aislandi kuna mlima wa moto uitwao Eyjafjallajökull. Jina hilo lina herufi 16. Usione haya kama limekushinda kusoma. Liliwashinda hata wasomaji wa habari wa London, nao ndiyo kazi yao.

Mlima huo ulitoa moto kati ya mwaka 1821 na 1823, na siku zile hapana mtu wa London aliyechelewa safari kwa sababu yake. Watu walisafiri kwa farasi na merikebu. Kisha ukanyamaza karibu miaka 190. Tarehe 14 Aprili 2010 ukapasuka chini ya barafu. Moto ulipokutana na maji ya barafu, mawe yaliyoyeyuka yalivunjika yakawa majivu laini, yakarushwa juu hewani zaidi ya kilometa 8. Upepo uliokuwa ukivuma kuelekea kusini mashariki ukayachukua hata Uingereza na Ulaya.

Majivu haya si kama yale ya jikoni kwako. Ni vipande vidogo sana vya mawe na kioo. Yakiingia katika injini ya ndege huyeyuka kwa joto, kisha hugandamana ndani yake na kuziba njia ya hewa. Injini ikikosa hewa huzimika.

Jambo hili halikuwa la kubahatisha. Tarehe 24 Juni 1982 ndege kubwa ya Uingereza, yenye watu zaidi ya 250, ilipita usiku katika majivu ya mlima Galunggung, katika kisiwa cha Java, Indonesia. Injini zake zote nne zilizimika. Ndege ikawa inashuka kimya gizani, dakika baada ya dakika. Rubani Eric Moody na wenzake walijaribu kuziwasha tena na tena. Ndege ilipotoka katika majivu injini zikawaka, wakatua Jakarta, ingawa kioo cha mbele kilikuwa kimekwaruzwa na majivu hata hawakuweza kuona vizuri mbele. Hapana aliyekufa.

Tangu hapo marubani wote walifundishwa kanuni moja: penye majivu, usipite. Kanuni ilikuwa njema, lakini ilikuwa na upungufu. Hapana aliyekuwa ameamua ni majivu kiasi gani injini yaweza kustahimili. Katika nchi zenye anga pana na ndege chache, hilo halikuwa neno, rubani alizunguka. Lakini majivu yalipotanda juu ya Ulaya yote, pa kuzungukia hapakuwapo.

Siku sita

Siku ya Alhamisi, tarehe 15 Aprili, saa 6 mchana, anga ya Uingereza ilifungwa. Heathrow palikuwa kimya. Nchi nyingi za Ulaya zikafuata. Watu walilala juu ya sakafu za viwanja. Wengine walipanda treni, mabasi na meli, na Uingereza ikatuma manowari iwachukue watu wake waliokwama Hispania.

Baada ya siku mbili tatu wenye makampuni ya ndege walianza kulalamika. Walirusha ndege za kujaribu, zisizo na abiria, nazo zikarudi salama. Wataalamu wa serikali na watengenezaji wa injini wakakaa pamoja, wakaweka kipimo: majivu yasiyozidi miligramu 2 katika meta moja ya ujazo ya hewa, ndege ipite. Tarehe 20 Aprili, karibu saa 4 usiku, ndege zikaanza kutua Heathrow tena. Hata hivyo siku nyingi zilipita kabla mambo hayajatengenea, maana ndege zilikuwa huku na marubani wake kule.

Hesabu ilipofanywa, ilionekana kuwa safari zipatazo 100,000 zilifutwa, na abiria kiasi cha milioni 10 walipata taabu. Chama cha makampuni ya ndege duniani kilikisia hasara yao kuwa dola milioni 1,700.

Mawaridi ya Naivasha

Sasa turudi nyumbani. Ukifika Naivasha utaona nyumba ndefu za plastiki kando ya ziwa. Ndani yake humea mawaridi. Asubuhi wafanyakazi, wengi wao wanawake, huyachuma, huyapanga kwa urefu, huyafunga na kuyatia katika maboksi. Lori lenye baridi huyapeleka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, na usiku huohuo huruka kwenda Ulaya. Mengi hupelekwa Uholanzi, na mengine Uingereza. Waridi haliwezi kungoja kama kahawa au chai. Siku chache tu, nalo limenyauka.

Basi fikiri mambo yalivyokuwa wiki ile. Ndege hazikwenda. Vyumba vya baridi vilijaa. Lakini waridi shambani halijui habari za Aislandi. Liliendelea kuchanua, ikabidi lichumwe. Maua yalitupwa kwa tani. Mengine yalifanywa mbolea, na mengine ng'ombe waliyala. Mboga za kupelekwa Ulaya nazo zikaharibika. Wenye biashara ya maua walikisia hasara ya kati ya dola milioni 2 na milioni 3 kila siku. Nao vibarua kwa maelfu waliambiwa wakae nyumbani, maana pasipo maboksi ya kujaza hapana kazi, na kibarua asiyefanya kazi leo hana ujira wa leo.

Nani aliyelindwa?

Hapa ndipo penye fundisho la leo, basi sikiliza vizuri. Abiria aliyekwama Ulaya na kibarua aliyekaa nyumbani Naivasha walipatwa na jambo moja, siku zilezile, kwa sababu ileile. Wote wawili hawakuwa na kosa. Lakini hawakutendewa sawasawa.

Abiria alikuwa na sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza ikiwamo siku zile, zilikuwa zimeandika sheria namba 261 ya mwaka 2004. Yasema kwamba safari ikifutwa, abiria achague: arudishiwe nauli yake, au apelekwe aendako kwa njia nyingine. Na muda anaongojea apewe chakula na mahali pa kulala. Kampuni moja ilibisha, ikasema mlima wa moto si kosa lake. Shauri likafika Mahakama ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 31 Januari 2013 mahakama ikaamua: ni kweli mlima si kosa la kampuni, na kwa hiyo hailipi fidia, lakini chakula na malazi lazima impe abiria, hata kama anangoja siku nyingi.

Mchuma maua hakutajwa katika sheria hiyo hata kwa neno moja. Akiwa na mkataba wa kazi wa kudumu, mkataba huo ulikuwa ngao yake. Akiwa kibarua wa siku, hakuwa na ngao.

Msinifahamu vibaya. Sisemi ndege zingeruka majivuni. Watu waliookoka mwaka 1982 ni ushahidi wa kutosha kwamba kuchelewa ni bora kuliko kufa. Nasema hivi: tahadhari ina gharama yake, na gharama hiyo lazima ibebwe na mtu. Kama haikuandikwa mapema nani ataibeba, humwangukia yule asiye na karatasi mkononi.

Ndiyo sababu twakusihi usome. Ukinunua tiketi, iwe ya ndege, ya basi au ya treni, soma maneno madogo yaliyo chini na nyuma yake. Ukiandikwa kazi, usitie sahihi wala kidole gumba kabla hujasoma au kusomewa na mtu unayemwamini. Tena uliza swali hili: "Kazi ikisimama, na kosa si langu, nitalipwaje?" Ukijibiwa kwa mdomo, omba jibu hilo liandikwe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kuchelewa kwa ndege moja asubuhi huweza kuchelewesha nyingine hata jioni?
2. Gawanya 480,000 kwa 365. Umepata ngapi?
3. Rubani Moody na wenzake walipatwa na nini mwaka 1982? Kanuni gani ilifuata?
4. Kwa nini waridi haliwezi kungoja kama kahawa?
5. Katika kazi unayofanya wewe, ni jambo gani la mbali laweza kuisimamisha? Siku hiyo utalindwa na nini?

Swali la tano msilijibu kwa haraka. Kila mmoja aliandike jibu lake katika daftari, sentensi tatu au nne, kisha tusomeane. Kwa herini.