Mgodi wa Almasi wa Mwadui Tangu 1940

Ukitokea Mwanza mjini, ukifika Usagara barabara inagawanyika. Ya kulia inakwenda Kigongo, ng'ambo yake Busisi na Geita, kwenye dhahabu. Anayenyoosha mbele anapita Misungwi, Mabuki na Hungumalwa hadi Maganzo, mlangoni pa mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu. Vitabu huanza habari za mgodi huu mwaka 1940. Sisi wa huku tuna haki ya kuanzia Mabuki, maana almasi zilichimbwa huko tangu miaka ya 1920, na ndiko alikofanya kazi mwanajiolojia kutoka Kanada, John Thorburn Williamson, kabla hajaanza kutafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Alitafuta kwa miaka kadhaa akiwa na fedha kidogo na malaria nyingi. Aliyemshika mkono ni wakili wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, ambaye baadaye akawa mshirika wake katika mgodi. Machi 1940 almasi zikapatikana Mwadui.

Kwa macho, Mwadui ni uwanda wa Usukuma kama mwingine: nyasi, mibuyu na jua kali. Chini yake kuna shingo ya volkano ya kale iliyojaa mwamba wa kimbalaiti, ambao ulipanda kwa nguvu kutoka kina kirefu sana cha dunia ukiwa umebeba almasi. Kwingineko mvua na upepo vimekwangua midomo ya volkano za aina hii ikabaki mizizi tu. Mwadui mdomo wenyewe bado upo, na eneo lake ni hekta 146 hivi, kubwa kuliko karibu shingo zote za kimbalaiti zilizowahi kuchimbwa kwa faida duniani.

Ukubwa huo lakini hauna maana ya wingi. Tani 100 za mwamba hutoa karati 6 hivi, yaani gramu moja na kidogo. Kwa hiyo mgodi umeishi kwa kuhamisha udongo: kuchimba shimo la wazi, kuponda, kuosha, kuchekecha, kisha kutenga mawe mazito. Kazi hiyo ilihitaji watu, na watu wakajengewa mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege.

Mwaka 1947 ikaokotwa almasi ya rangi ya waridi, jiwe la karati 54.5. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Lilipochongwa likabaki karati 23.6. Jiwe hilo linajulikana dunia nzima. Mikono iliyochimba shimo lililolitoa haijulikani, na hilo ndilo pengo kubwa katika historia ya Mwadui.

Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo warithi wake wakauza mgodi kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Miaka ya 1970 ukataifishwa. De Beers wakarudi mwaka 1994 na asilimia 75, wakawapisha kampuni ya Petra Diamonds mwaka 2009. Mwishoni mwa 2021 ilikubaliwa hisa za serikali zipande kutoka asilimia 25 hadi 37, na Januari 2025 Petra wakatangaza kuuza sehemu yao kwa Pink Diamonds Investments, iliyo chini ya Taifa Group ya hapa nchini.

Historia ya kweli hairuki machungu. Mwaka 2021 Petra walifikia makubaliano ya pauni milioni 4.3, bila kukiri dhima, na wananchi waliolalamika kuumizwa na walinzi; wengi wao waliitwa wabeshi, watu wanaoingia mgodini bila ruhusa kusaka mawe. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope ulibomoka, tope likafunika mashamba na makazi ya Ng'wanholo na Nyenze. Fidia na ulinzi wa haki ni sehemu ya historia hii sawasawa na jiwe la waridi.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe au mzazi wako alifanya kazi Mwadui au Mabuki, usitupe picha, kitambulisho cha kazi wala karatasi ya mshahara. Mhoji mzee angali hai, uandike jina lake, kazi yake na miaka yake, kisha upeleke nakala Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.