Hatua nyingi, mita chache: historia ya tiba ya kutembea

Leo naweka kando mambo ya Linux na PHP. Kuna historia ya tiba moja ambayo kila anayetaka kuandika programu ya afya anafaa kuijua, kwani ndani yake kifaa kizuri cha kielektroniki kilishindwa kazi hadharani.

Tiba yenyewe ni kutembea. Ugonjwa ni ule wa ateri za miguu kuziba. Mafuta hurundikana ndani ya mshipa, damu ikapita kidogo, na mtu akienda mwendo mfupi tu shavu la mguu linamuuma hadi asimame. Akipumzika maumivu huisha. Akianza tena, yanarudi. Wavutaji sigara na wenye kisukari wako hatarini zaidi.

Mmoja wa wagonjwa wa kwanza kuelezwa kitaalamu hakuwa binadamu! Mwaka wa 1831 Bouley, daktari wa mifugo wa Ufaransa, aliandika habari za farasi wa kukokota gari aliyekuwa akichechemea, akipumzika anapona, kisha anachechemea tena. Mwaka wa 1858 Mfaransa mwenzake, Charcot, alionyesha jambo lilo hilo kwa mtu. Kufikia 1898 Mjerumani Wilhelm Erb alikuwa akiwashauri wagonjwa kama hawa watembee. Fikiria ushauri huo unavyosikika: mguu unauma ukitembea, nawe unaambiwa dawa ni kutembea.

Ushahidi wa kupimwa ulichelewa. Mwaka wa 1966 Larsen na Lassen wa Denmark walichapisha jaribio la wagonjwa 14 tu, ambapo waliofanya mazoezi ya kutembea kila siku walilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa. Waliotembea walifaidika. Mwaka wa 1995 Gardner na Poehlman walijumlisha tafiti 21 na kukuta kwamba baada ya mazoezi, umbali wa kwenda bila maumivu ulipanda kwa asilimia 179, na ule wa mwisho kabisa kwa asilimia 122. Si kwamba mshipa ulizibuka. Sehemu kubwa ya faida inatoka kwenye msuli, unaojifunza kutumia vizuri oksijeni kidogo unayoipata.

Lakini mazoezi hayo yalifanyika hospitalini, juu ya mashine ya kutembelea, mtaalamu akisimama kando. Marekani ilipokubali mwaka wa 2017 kuyalipia kupitia Medicare, bima yao ya wazee, masharti yalikuwa vipindi hadi 36 ndani ya wiki 12. Yaani mtu asiyeweza kufika stejini bila kusimama njiani anatakiwa asafiri hadi kliniki mara tatu kwa wiki! Hapo ndipo wazo la kutembea nyumbani, na kusaidiwa kwa mbali, lilipopata nguvu.

Daktari Mary McDermott wa Chicago ndiye aliyelifuatilia kwa ukaidi kuliko wengi. Kipimo chake kikuu nakipenda mno kwa sababu hakihitaji betri: mgonjwa anatembea kwenye korido kwa dakika sita, na unaandika mita alizofika. Katika jaribio la GOALS, lililochapishwa 2013, watu 194 walishiriki. Waliokutana kikundi mara moja kwa wiki kisha wakatembea kwao walipanda kutoka mita 357 hadi 400 kwa miezi sita. Wale wengine walishuka kutoka 353 hadi 342.

Sasa likaja jaribio ambalo mtu wa tarakilishi angelishangilia. HONOR, lililochapishwa 2018, lilikuwa na watu 200 na muda wa miezi tisa. Mikutano ya ana kwa ana ilikuwa minne tu, mwezi wa kwanza. Baada ya hapo ni kifaa cha kuvaliwa na mshauri kwenye simu. Matokeo: kundi la kifaa liliongeza mita 5.5. Kundi lisilopewa chochote liliongeza mita 14.4. Kitakwimu hakuna tofauti, lakini ungekuwa wewe uliyeandika programu ile ungelala vipi?

Wengi wangelaumu simu. Mimi nalaumu kile tunachopenda kukihesabu. Hata zile hatua 10,000 maarufu zilienea kutokana na jina la kihesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka wa 1965. Hatua ni rahisi kuhesabu, ndiyo maana tunazihesabu. Sensa haijui kama mguu uliuma.

Jaribio la LITE, lililotoka 2021, liliuliza swali hilo hasa. Watu 305 katika vituo vinne vya Marekani waligawanywa: wengine watembee polepole bila maumivu, wengine watembee kwa kasi inayoleta maumivu, na kundi la tatu lisipewe mazoezi. Washauri walipiga simu, na walikuwa wakiona data za kifaa cha kila mgonjwa kupitia tovuti. Baada ya miezi 12, wenye kasi walikuwa wametoka mita 338 hadi 371. Wa polepole walitoka 332 hadi 328, na hawakuwashinda wale wasiofanya mazoezi. Simu ile ile, tovuti ile ile, muda ule ule wa kutembea. Kilichobadilika ni agizo. Kwa hiyo ningeunda programu ya namna hii leo, swali la kwanza kwenye kioo lisingekuwa idadi ya hatua bali: je, mguu uliuma, na uliendelea?

Mwaka uliofuata Waingereza walitoa matokeo ya MOSAIC, watu 190. Kila mgonjwa alipata vikao viwili vya saa moja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wakizungumzia hofu zake na mpango wake, kisha simu mbili za dakika 20. Baada ya miezi mitatu walikuwa wamewazidi wenzao kwa mita 16.7.