Silaha za Watu Binafsi katika Maeneo ya Ulinzi: Same na Milima ya Upare

Silaha za watu binafsi, yaani bunduki na bastola ambazo si mali ya serikali bali humilikiwa na mtu kwa leseni, zimewekewa nchini Tanzania kanuni za namna mbili: zile za kuwa nazo na kuzichukua njiani, na zile za kuingia nazo katika ardhi ambayo dola imeiwekea mpaka na walinzi wenye silaha. Katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ardhi ya namna hiyo yenye ukubwa na taathira kupita zote si kambi ya jeshi kwa maana ya kawaida, bali ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye kilomita za mraba 3,245, inayoanzia chini ya milima ya Upare na kwenda kukomea kwenye mpaka wa Kenya. Juu milimani uko msitu wa mazingira asilia wa Chome, wenye kilele cha Shengena (mita 2,462), ambao nao una walinzi wake.

Asili ya kanuni

Kabla ya bunduki kuenea, Upare ilikuwa nchi ya chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana walifua majembe, mikuki na vyembe vya mishale huko Ugweno, na chuma chao kiliuzwa hata Uchagani. Bunduki zilipanda bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, na aliyezitumia kwa nguvu kuliko wengine katika njia ya chini ya milima alikuwa Semboja wa Mazinde, mtawala wa Kishambaa aliyekuwa na mafungamano na wafanya biashara wa pwani, na ambaye mashambulizi ya watu wake yaliwafikia Wapare.

Kanuni ya kwanza iliyoandikwa ilitoka mbali. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890 kwa azma ya kukomesha biashara ya watumwa, uliharimisha kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika yote iliyo baina ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, nchi iliyotawaliwa na Wadachi, yaani Wajerumani, ikiwa ndani yake. Silaha zilizoruhusiwa kushuka bandarini sharti ziwekwe kwanza katika ghala la umma chini ya macho ya serikali, wala hazikutolewa humo bila ya idhini. Magumegume ya mtutu laini na baruti ya kawaida ndiyo yaliyoweza kuuzwa kwa watu wote, palipokuwa na ruhusa hiyo. Msafiri aliyetaka bunduki ya kujilinda nafsi yake aliandikishiwa, silaha ikapigwa chapa, naye akapewa cheti chenye jina lake na ile chapa, cha miaka mitano, chenye kufutwa akidhihirika kuitumia vibaya. Chapa, daftari, cheti na ghala: msingi huu haujabadilika mno mpaka leo, ingawa waliouasisi hawakuwa wakifikiri maslahi ya mkulima wa Mbaga au Gonja huko Upare.

Vita vya 1914 hadi 1918

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipitia Same. Vita vikaleta bunduki za majeshi katika njia hiyo: mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kuelekea kusini, mengine kwa njia ya reli, mengine kwa kando ya mto Pangani, na mengine kwa upande wa mashariki wa milima kupitia mwanya wa Ngulu hadi Gonja, huku Wadachi wakirudi nyuma na kung'oa reli.

Pori na jeshi

Mkomazi ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, chini ya Waingereza. Kwa miaka mingi wafugaji waliendelea kulisha ng'ombe humo, na mwindaji wa Kipare aliingia na upinde wake au na gobole, bunduki ya kienyeji ambayo mtutu wake mara nyingi ni bomba la chuma lililotafutiwa kazi mpya, hushindiliwa baruti kwa mdomoni, kisha kitambaa, kisha vipande vya nondo au misumari, na hulipuka kwa kishindo ambacho humtisha mpigaji kama kimtishavyo mnyama. Silaha ya namna hii haina namba wala chapa ya kiwandani, ndiyo maana imewatatiza watunza daftari wa kila zama.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1970 na 1980, bunduki za kivita zilipozagaa Afrika Mashariki, na faru wa Mkomazi wakauawa hata wakatoweka. Serikali ilianzisha Operesheni Uhai mwaka 1989, ambamo wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori waliingia maporini kwa pamoja kuwasaka majangili na kukusanya silaha. Faru weusi walirejeshwa Mkomazi kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997, wakawekwa ndani ya ua wenye ulinzi wa usiku na mchana.

Operesheni ya pili, iliyoitwa Tokomeza, ilianza Oktoba 2013 na kusimamishwa baada ya majuma machache kwa sababu ya malalamiko mazito ya wananchi kuteswa na kuuawa. Mawaziri wanne waliondoka madarakani Desemba mwaka ule, miongoni mwao waziri wa ulinzi, na waziri wa mifugo, Mathayo David Mathayo, ambaye alikuwa mbunge wa Same Magharibi.

Mkomazi ilikwisha pandishwa daraja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na hapo sheria ya silaha ndani yake ikawa kali zaidi. Sheria ya Hifadhi za Taifa, ambayo asili yake ni ya mwaka 1959, yamkataza mtu yeyote asiye mtumishi wa hifadhi kuingiza silaha au kuwa nayo humo bila ya kibali cha maandishi, na silaha haimaanishi bunduki peke yake. Leseni halali iliyotolewa na polisi, hata iwe mpya, haitoshi katika lango la Zange, kilomita chache kutoka mjini Same. Mwaka 2020 sheria iliunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, na walinzi wa Mkomazi na wa Chome, waliokuwa wa idara mbalimbali, wakawa chini ya nidhamu, vyeo na sare za kijeshi. Kwa hivyo mji wa Same umekaa baina ya himaya mbili za jeshi moja.

Kambi za ulinzi

Katika kambi za Jeshi la Wananchi, silaha ya kazi hutolewa ghalani kwa saini na kurejeshwa, na raia haingii na yake. Maasi ya Januari 1964, yaliyoanzia kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, yalionyesha thamani ya funguo za ghala hilo: askari walioasi walilishika kwanza.

Leseni na usafirishaji

Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya 2015, iliyofuta ile ya 1991. Mwombaji sharti awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu na rekodi safi, na maombi yake hupitia ngazi za serikali za mitaa na kamati za ulinzi na usalama kabla ya kumfikia msajili. Mwenye kusafiri kwa ndege huitangaza silaha yake mapema, ikiwa haina risasi ndani yake. Risasi hufungwa mbali, zisizidi kilo 5 kwa abiria.

Hali ya sasa

Uhakiki wa silaha ulifanyika mwaka 2016, na mwaka 2022 kulitolewa msamaha kwa wenye kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Katika vijiji vilivyo kando ya barabara ya Same, Kisiwani na Mkomazi, tembo huingia mashambani nyakati za mavuno. Anayeitwa kuwafukuza ni askari wa uhifadhi, na mwanakijiji hutumia moshi wa pilipili, madebe na kelele.