Gongo ya Mabibo na Wiski ya Ayalandi

Mkorosho si mti wa asili yetu. Wareno waliuleta pwani kutoka Brazil katika karne ya 16. Huku Kilimarondo mabibo hukamuliwa, na maji yake yakichacha huwa uraka. Uraka ukichemshwa, na mvuke wake ukapozwa mrijani, hudondoka gongo.

Waayalandi nao huchemsha vivyo hivyo, katika vyungu vikubwa vya shaba. Serikali ilipotoza kodi shayiri iliyooteshwa, mwaka 1785, wengi waliichanganya na shayiri isiyooteshwa, na wiski yao ikawa nzito, yenye ladha kama ya viungo. Lakini hainywewi ikitoka chunguni. Sheria yaitaka ikae katika mapipa ya mti miaka 3 au zaidi. Humo ukali hupungua, na mti huipa rangi na harufu.

Gongo yetu haingoji. Sheria ya mwaka 1966 ilikataza kuipika bila leseni. Basi hupikwa vichakani, hakuna aipimaye, ikanywewa siku ile ile. Tumechimba makaburi kwa sababu yake. Ujuzi wa kuchemsha tunao. Tulichokosa ni kipimo na subira.