Aya Moja ya Mwaka 1946

Miaka kadhaa iliyopita mhariri mmoja alinirudishia makala yangu, akasema ni fupi mno, hakuna atakayeikumbuka. Sikubishana naye. Ila tangu siku hiyo nakusanya visa vya maandishi mafupi yaliyoishi kuliko vitabu vinene, na kisa ninachokipenda zaidi hakitoki kwenye fasihi. Kinatoka kwenye fizikia, somo nililolikimbia mara tu nilipomaliza kidato cha nne.

Mwaka 1946, Mmarekani Edward Purcell alichapisha dokezo lenye urefu wa aya moja hivi katika jarida la Physical Review. Vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi, naye alikuwa ametoka kwenye utafiti wa rada. Wala hakuwa anaongelea mwanga. Alikuwa anaongelea viini vya atomu na mawimbi ya redio. Akapiga hesabu: kiini kikiachwa chenyewe kitoe nishati yake kwa wimbi la redio, kitahitaji sekunde 5 zikifuatwa na sifuri 21. Umri wa ulimwengu wote haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya muda huo! Halafu akaongeza: changanya humo chembe ndogo za metali zinazoitikia wimbi lilelile, na muda huo utashuka hadi dakika tu.

Hebu tusimame hapo kidogo. Wengi wetu tunadhani kung'aa ni tabia ya kitu chenyewe, yaani taa ni taa popote uiwekapo. Purcell alisema chumba nacho kina neno. Chumba kinachoshikilia wimbi kwa muda mrefu, tena kikiwa kidogo, humfanya mtoaji atoe upesi zaidi. Aliyewahi kuimba bafuni anajua: kuna sauti moja ukiigusa, kuta zinaimba nawe. Nyingine zote zinakufa mdomoni.

Dokezo likasubiri. Mwaka 1981 Daniel Kleppner alionyesha upande wa pili wa hoja: chumba kisicholikubali wimbi fulani kinaweza kuizuia atomu isilitoe. Mwaka 1983 timu ya Serge Haroche jijini Paris ikaona atomu za sodiamu zikiharakishwa kati ya vioo, kama aya ile ilivyosema. Lakini kwa mwanga wenyewe kazi ilikuwa ngumu, maana wimbi lake ni fupi mno. Chumba chake lazima kiwe na upana wa mikromita chache, chembamba kuliko unywele. Ndiyo hizo mikrokaviti. Mafundi wakajifunza kupanga tabaka za semikondakta, moja juu ya nyingine, hadi zikawa vioo juu na chini, na katikati wakaacha nafasi ya mwanga kukaa. Mwaka 1998 Jean-Michel Gérard na wenzake, Ufaransa, wakachonga nguzo ndogo za aina hiyo, na vitone vya kwantamu vilivyokuwa ndani vikatoa mwanga hadi mara 5 upesi zaidi. Purcell alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Basi, kwa nini wasiendelee tu kukaza chumba kimoja? Hapa ndipo kisa kinaponinogea.

Mwaka 1665 Mholanzi Christiaan Huygens, akiwa mgonjwa kitandani, aligundua kwamba saa zake mbili za pendulamu, zilizoning'inia kwenye boriti moja, zilikuwa zinakwenda pamoja, moja kushoto na nyingine kulia. Boriti ilikuwa inapeleka habari kati yao. Mwaka 1994 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walifanya jambo la ukoo huohuo kwa mwanga: mikrokaviti mbili zikitumia kioo kimoja cha katikati. Kila moja peke yake ilikuwa inaitikia rangi moja. Zilipounganishwa, rangi hiyo ikagawanyika kuwa mbili, na unene wa kioo cha kati ndio ulioamua zitengane kiasi gani.

Hilo lilikuja kutatua tatizo halisi. Kitone cha kwantamu kinaweza kutoa fotoni mbili pacha zilizofungamana, bidhaa inayotafutwa sana kwa mawasiliano ya siri. Shida ni kwamba pacha hao wanatofautiana rangi kidogo. Chumba kimoja kinamkaribisha mmoja na kumfungia mlango mwenzake, na ukikikaza zaidi ubaguzi unazidi. Mwaka 2010 kundi la Pascale Senellart, Ufaransa, likaunganisha nguzo mbili na kuzipima hadi rangi zake mbili zikalingana na za pacha. Kila fotoni ikapata mlango wake, na zote mbili zikaharakishwa kwa kanuni ya Purcell. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuzo ya Nobel aliyopata Purcell mwaka 1952 ilikuwa ya kazi nyingine. Ile aya haikumpa taji. Ilibaki tu jaridani, ikisubiri watu wenye vifaa ambavyo mwandishi wake hakuwa navyo.

Makala yangu iliyokataliwa bado ninayo. Wiki hii nimeifungua nikaisoma tena. Mhariri hakukosea kuikataa, ilikuwa mbaya kweli. Ila ufupi haukuwa kosa lake: niliandika aya sita, na nilikuwa na la kusema katika moja tu.