Meno ya Kinu

Kinu cha mkono cha kusagia kahawa ni kitu cha juzi katika milima ya Upare, bali akili ya kukitunza ni ya kale sana.

Zamani chombo cha kusagia kilikuwa jiwe. Jiwe kubwa lililazwa chini, na dogo lilishikwa kwa mikono miwili, likasukumwa mbele na nyuma. Jiwe likitumika siku nyingi hulainika, nafaka ikateleza bila kuvunjika. Hata hivyo halikutupwa. Liligongwagongwa kwa jiwe gumu, taratibu, hata likapata meno mapya.

Chuma nacho hakikuwa kigeni. Wahunzi wa Ugweno, watu wa ukoo wa Washana, walikusanya mchanga mweusi wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Wachagga nao walinunua chuma hicho.

Kinu cha kahawa chenye mpini wa kuzungusha kilitoka mbali. Huko Ufaransa jamaa ya Peugeot, waliokuwa wafua misumeno, walianza kutengeneza vinu vya kahawa mwaka 1840, na vya pilipili mwaka 1874. Reli ya Tanga ilipita Same ikafika Moshi mwaka 1911. Vyuma vya Ulaya vilipozidi madukani, tanuri za Ugweno zilizimika.

Lakini ukikifungua kinu hicho utaona jambo lile lile la jiwe: kipande chenye meno huzunguka ndani ya pete yenye meno, na parafujo huyakaribisha au kuyatenga, unga ukawa laini au chenga. Adui zake ni watatu. Mafuta ya kahawa hugandamana yakachacha. Maji huleta kutu. Na nyuzi za tangawizi kavu hujisokota katika meno. Basi kifunguliwe mara kwa mara, kisuguliwe kwa brashi kavu, wala kisioshwe. Mhimili utiwe tone moja la mafuta, mbali na meno. Tangawizi ikatwekatwe kwanza, tena iwe na kinu chake. Kahawa ikitoka ina moto na mkono ukichoka upesi, meno yamekwisha: yatiwe mengine, mwili wa kinu ubaki.

Moto wa tanuri ulipozimika, hatukupoteza chuma tu. Ilidhoofika na desturi ya kukirudisha chombo kwa fundi. Tanuri za Ugweno zimezimika, lakini desturi ile yaweza kurudi leo nyumbani mwako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.