Marejeo ya Ibn Battuta

Watu wa pwani wana methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yaani hata ukizunguka chombo kizima, toka nyuma mpaka mbele, mwisho utashuka tumboni mwake. Hapa Nyarugusu tunaambiwa sana, hasa siku hizi ambapo habari ya kurudi makwetu haitoki midomoni. Lakini methali inasema utarudi tu. Haisemi utamkuta nani. Juu ya hilo tumtazame msafiri mmoja wa zamani, Ibn Battuta.

Alizaliwa mwaka 1304 Tangier, mji wa bandari kaskazini mwa Moroko, pale bahari inapokuwa nyembamba kati ya Afrika na Hispania. Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake, wote wawili wazima, akaondoka peke yake kwenda kuhiji Maka. Alikuja kuikanyaga tena Moroko baada ya miaka 24.

Alipita Misri, Shamu, Iraki na Uajemi. Karibu na mwaka 1331 akashuka pwani ya Afrika Mashariki: akafika Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha Kilwa, ambayo leo imo ndani ya nchi hii iliyotupokea. Aliusifu mji wa Kilwa kwa uzuri, na sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu. Baadaye akawa kadhi Delhi, tena kadhi katika visiwa vya Maldivi, na anasimulia kwamba alifika hadi Uchina.

Sasa tuone habari za nyumbani zilimfikiaje. Mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, alipita Damascus. Mji huo alikuwa ameacha mke mjamzito zaidi ya miaka 20 nyuma, na akiwa India alisikia amezaliwa mtoto wa kiume. Akaulizia. Akaambiwa mtoto alishakufa, miaka 12 imepita. Palepale Damascus akakutana na mwanachuoni wa kutoka Tangier, akamwuliza habari za wazazi. Akajibiwa: baba amefariki, sasa ni miaka 15, ila mama yuko hai. Basi kumbe kwa miaka 15 mtu yule alikuwa amefiwa na baba, na hakujua.

Wakati huo tauni ilikuwa inapita nchi kwa nchi, Shamu, Misri, Maghribi na Ulaya, ikiua watu wengi mno. Yeye aliiona ikiua Damascus kwenyewe. Mwaka 1349 aliingia Moroko, na alipofika mji wa Taza, kabla hajafika kwao, akapewa habari nyingine: mama naye amekufa kwa tauni. Novemba akaingia Fez kwa Sultani Abu Inan, halafu ndiyo akaenda Tangier kuzuru kaburi la mama yake.

Ukitafuta Tangier ya marejeo ndani ya kitabu chake kinene, utakuta maneno machache tu. Mtu aliyeeleza vyakula vya Mogadishu kwa urefu, kwao anapapita upesi. Akaondoka akaenda Ceuta, akaugua miezi mitatu, akavuka bahari kwenda Andalusia. Mwaka 1352 akaanza safari ya kuvuka jangwa la Sahara mpaka Mali. Ni baada ya Mali ndipo alipotulia, na kwa amri ya sultani akamsimulia mwandishi Ibn Juzayy, kitabu kikamalizika mwaka 1355.

Najua kuna watakaosema: mbona unatufananisha na huyo? Yeye alitoka kwa kupenda, tena alikuwa msomi, akipokelewa na masultani na kupewa zawadi. Sisi tulitolewa na risasi, tukavuka ziwa usiku. Ni kweli kabisa. Lakini katika kurudi tunakutana naye. Mimi ni mtu wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba mdogo alifia huko, na habari niliipata hapa kambini baada ya miaka minne, kwa mama mmoja aliyewasili akatafuta watu wa kwao. Siku ile Baraka ilibadilika kwangu, ingawa mimi sikuondoka hapa hata hatua moja.

Ndiyo maana ninyi mnaotuhudumia, mkituuliza "Unataka kurudi, ndiyo au hapana?", mnaona tunanyamaza. Si kiburi. Ndani ya swali hilo kuna maswali mawili: la mahali na la watu. Mahali mtu anaweza kupajibu kwa kusikia redio kama pana amani. Watu, mpaka apate habari zao. Nani yuko hai? Nani anakaa kwenye kiwanja chetu? Kaburi liko wapi? Simu imesaidia wengi, lakini wapo ambao namba zote walizokuwa nazo zimekufa. Kazi ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu, na zile safari za kwenda kuona kwanza halafu mtu aje aamue, kwangu mimi ni sehemu ya kurudi kwenyewe. Zisihesabiwe kama jambo la pembeni.

Na ninyi ndugu zangu, mkimwona mtu amerudi kwao, kisha baada ya miezi yuko njiani tena, msimcheke kwamba ameshindwa maisha. Ibn Battuta alikuwa na mji, jina na sultani wa kumpokea, na bado baada ya kaburi la mama ilimchukua safari nyingine mbili ndipo akatulia. Kabla hujatia sahihi, uliza habari za watu wako, mmoja mmoja kwa jina.